Mdomo wa Bibi Ibyang

Meding alitoka kwenda kununua siki, basi.

Vibua vilivyomdodea sokoni alikuwa amekwisha kuvipara na kuvipanga sufuriani, tangawizi imepondwa, moto umeshika, ndipo akagundua chupa ya siki haina kitu. Akaita, "Isay! Kimbia dukani!" Kimya. Akaita tena kwa ile sauti yake ya kuuzia samaki, ambayo mtu wa ng'ambo ya mto aliweza kuisikia akajua leo kuna vibua au kuna ngisi. Kimya bado. Basi akavaa ndala akaenda mwenyewe, akinung'unika njia nzima kwamba mtoto wa kike akishavunja ungo masikio yake huziba.

Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia ya magharibi. Ilikuwa wiki ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, na mji mzima wa Sibulao ulikuwa umetundikwa vibendera vya karatasi kutoka nguzo hadi nguzo. Kinyozi Tonyo alikwisha kuwasha mashine yake ya kuimbia, akawa anaiuliza dunia kwa nini mapenzi yanaumiza, na mbwa wanamjibu.

Puring, mwenye duka, alimpitishia Meding siki kwenye kidirisha chake chenye nondo. Ilikuwa ndani ya kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo. Meding akakishika. Puring hakukiachia.

"Mama Isay," alinong'ona.

"Nini? Sema kwa sauti, sisi si wezi."

Puring akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mwanao amepita hapa sasa hivi. Na bakuli."

"Bakuli la nini?"

"La uji wa mchele. Na si leo tu, shoga. Wiki nzima hii anapita nalo." Akanyoosha midomo kuelekeza upande wa mashamba ya mpunga. "Anampelekea Bibi Ibyang."

Kifuko kikaanguka, siki ikamwagika miguuni mwao.

Hapakuwa na mtu Sibulao aliyekwenda nyumbani kwa Bibi Ibyang. Bikizee huyo alikuwa anakufa tangu mvua zilipoanza, na mpunga ulipandwa, ukabeba masuke, mvua zikaisha, naye bado anakufa. Padri alimpaka mafuta matakatifu mara mbili. Daktari wa zahanati alimpima, akatoka anajikuna kichwa. Hakuwa na mtoto, na wapwa zake walikwisha kukimbilia mjini. Neno aswang, yule mla watu wa usiku anayenyonya mimba kupitia paani kwa ulimi mwembamba kama uzi, halitamkwi jioni katika mji ule, lakini kila mtu alijua kilichosemwa mchana: Ibyang hafi kwa sababu anacho kitu, na kitu kile hakijapata pa kwenda. Ni kifaranga cheusi, walisema. Kinaishi kooni mwa mtu, na usiku kivuli chake hutembea nje. Hutoka mdomo kwa mdomo.

"Na wewe ukanyamaza wiki nzima?" Meding aliuliza.

"Sasa ningesema nini? Kikisikia kwamba nimesema..."

"Kikisikia! Kikisikia! Kwani kimekaa hapa miaka yote kwa nguvu gani? Kinashiba woga wa vinywa vyenu kabla hakijala kitu kingine!"

"Meding, punguza sauti, nakuomba..."

Lakini Meding alikuwa amekwisha kwenda.

Njia ilikatiza juu ya tuta la shamba, maji huku na maji huku. Katikati kulikuwa na kichuguu kikubwa, makao ya mizimu, na hakuna aliyekipita bila kuinama na kusema, "Hodi wenyewe, tunapita tu." Meding alikipita kifua mbele. "Tuta hili alilichimba baba yangu," alikiambia. "Hodi mnipigie nyinyi."

Vyura walikuwa wakilia. Nyuma yake sauti ya Tonyo ilizidi kuwa ndogo.

Kisha akasikia.

Tik. Tik. Tik.

Sauti kavu, kama mtu anayegonga kucha juu ya ganda la nazi. Ilikuwa kubwa, ya wazi, mahali fulani juu ya minazi. Meding akashusha pumzi. Kila mtoto wa Sibulao hufundishwa jambo hili kabla hajafundishwa kuhesabu: sauti ile ikisikika kwa nguvu, mwenyewe yuko mbali.

Tik... tik...

Ikaanza kufifia.

Tik...

Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja.

Meding akakimbia.

Nyumba ya Bibi Ibyang ilisimama juu ya nguzo za mianzi, imeinamia upande mmoja. Chini ya ngazi kulikuwa na jozi ya ndala za njano. Za Isay. Zimepangwa vizuri, kama mtoto aliyelelewa anavyofanya anapoingia nyumba ya watu.

Harufu ilimpokea mlangoni. Haikuwa ya ugonjwa. Ilikuwa ya manyoya mabichi, kama kuku aliyechovywa maji ya moto kabla ya kunyonyolewa.

Ndani kulikuwa na kibatari kimoja. Bibi Ibyang alilala chali juu ya mkeka, mdogo kama mtoto, ngozi juu ya mifupa. Isay alikuwa amepiga magoti kando yake, ameinama, nywele zake zimeangukia mashavuni mwa bibi. Uso juu ya uso. Mdomo wa bibi ulikuwa wazi.

Na wa Isay ulikuwa wazi.

Na kwenye koo la bibi, chini ya ngozi nyembamba, kitu kilikuwa kinapanda.

"Funga mdomo!"

Meding alimvuta mwanawe kwa nywele, akamtupa ukutani hata nyumba ikatikisika. Kile kitu kooni kikasimama. Kikashuka polepole.

"Mama!" Isay alilia. "Unaniumiza!"

"Amekupa nini? Umemeza nini?"

"Sijameza kitu! Mama, alikuwa peke yake. Nilimsikia analia nilipopita kuchuma mboga ya kangkong. Watu wote wanampita, wanafunga madirisha. Nikamletea uji tu."

"Na leo? Leo ulikuwa unafanya nini na mdomo wako wazi?"

Isay akafuta machozi. "Aliniuliza kama nitampokelea kitu chake akiondoka. Alisema ni kidogo tu. Nikamwambia ndiyo, Bibi."

Meding akamtazama bibi, kisha akamtazama mwanawe.

Ndiyo. Neno dogo hivyo. Mtoto mwenye adabu hawezi kumwambia mzee hapana.

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga nacho mdomo wa binti yake, fundo kisogoni. "Nenda kwa Puring. Kaa ndani ya duka, chini ya taa. Kitambaa hiki kisitoke. Mtu yeyote akikuita, usiitike. Hata mimi nikikuita, Isay. Unanisikia? Hata mimi."

Isay akaitikia kwa kichwa. Miguu yake ikasikika juu ya tuta, mbio, mbio, mpaka ikapotea.

"Ungekwenda naye," sauti ilisema kutoka mkekani.

Meding akageuka. Bibi Ibyang alikuwa amefumbua macho. Macho makubwa, meusi, yanang'aa kwa maji. Meding akajiona ndani yake. Akajiona ananing'inia, kichwa chini, miguu juu.

Alitamani kukimbia. Badala yake akavuta kigoda, akakaa.

"Siendi."

"Haisaidii kitu," bibi alinong'ona. "Ameshaitika. Nikikata roho tu, kitamfuata popote alipo."

"Basi usikate roho mpaka tuzungumze."

Midomo ya bibi ikatetemeka, na Meding hakujua kama anacheka au analia. "Watu hawanizungumzishi. Hunirushia chumvi."

"Mimi nimekuja bila chumvi. Hata siki yangu imemwagika. Niambie. Wewe ulikipokea kwa nani?"

Pumzi ya bibi ilikwaruza. "Kwa shangazi yangu. Nilikuwa msichana kama wako. Walinituma nimpelekee kikombe cha maji. Akasema, Ibyang, nishikie hiki kidogo." Alimeza mate kwa taabu. "Nilidhani ni kikombe."

Chini ya sakafu ya mianzi kitu kilijivuta, kikasugua nguzo.

"Umekula watu?" Meding aliuliza.

Mtu hakuwahi kumuuliza. Mji mzima ulikuwa na jibu, lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza swali. Bibi akafunua mguu wake. Juu ya kifundo palikuwa na kovu limezunguka kama bangili, jeusi, limeingia hadi karibu na mfupa.

"Nilijifunga kamba. Kwenye nguzo ile. Kila magharibi, mwenyewe, kwa mikono yangu." Akafumba macho. "Si kila siku kamba ilishika."

Meding aliitazama ile nguzo. Ilikuwa imeliwa na kamba, imebonyea katikati. Alikumbuka mimba yake ya kwanza, kabla ya Isay. Ilikuwa imekwisha kuanza kucheza. Alilala mzima, akaamka kwenye damu, na kwenye makuti ya paa juu ya kitanda chake kulikuwa na tundu dogo, la kupita uzi. Mumewe Nardo aliliziba kwa kuti jipya bila kusema neno.

"Na wangu?" aliuliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda wapi, hakujua.

Bibi hakufumbua macho. Chozi moja lilimtoka likaingia sikioni.

Meding aliinuka. Kulikuwa na mto pale, mto mdogo wa pamba, na kwa muda mfupi aliutazama mto ule, na alijua ungeweza kufanya nini. Kisha akasikia, chini ya sakafu, kitu kikihema haraka haraka, kama mbwa anayesubiri mfupa.

Kilikuwa kinamsubiri aue.

Akaupiga mto teke mpaka pembeni.

"La wangu tutalizungumza mbele ya Mungu, mimi na wewe, na nitapiga kelele mpaka malaika wafunge masikio. La leo ni la Isay." Akainama juu ya mkeka. "Bibi Ibyang, unataka kimwendee mtoto yule?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini."

"Mimi ndiye ninayekuuliza. Unataka?"

Kibatari kilicheza. Kwenye koo la bibi uvimbe ukaanza kupanda tena, taratibu, na Meding aliona kabisa alama ya kitu chenye ncha kikisukuma ngozi kutoka ndani.

"Sitaki," bibi alinong'ona.

"Sema kwa sauti."

"Si... taki."

"Kwa sauti, bibi! Umenong'ona maisha yako yote! Kiambie!"

"SITAKI!"

Nyumba ikayumba. Kitu kilipiga sakafu kutoka chini, mara moja, kwa nguvu, na mianzi miwili ikapasuka. Bibi akajikunja. Meding akamrukia, akaweka kiganja kimoja chini ya kidevu chake na kingine juu ya utosi, akabana, kwa mikono ile ile inayovunja vichwa vya jodari kila asubuhi. Bibi naye akakaza. Fizi zake zisizo na meno zikabanana. Akashika mikono ya Meding, akaisaidia.

Kutoka chini ya sakafu, mtu akakohoa.

"Meding," alisema. "Meding, mke wangu. Nimerudi. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Nardo. Nardo aliyekwenda kujenga maghorofa nchi za Waarabu akarudishwa ndani ya sanduku. Hata mkwaruzo wake wa sigara ulikuwamo.

Machozi yalimtoka Meding, lakini mikono hakulegeza. "Muongo wewe! Mume wangu hakuwahi kuniita Meding hata siku moja. Aliniita Bonge!"

Kisha, kwa upole: "Bonge..."

"Umechelewa! Kajifunze kwanza ndipo uje!"

Kitu kile kikaguna. Kisha kikafanya jambo ambalo Meding hakulitegemea. Kikatoka chini ya nyumba, kikaelekea mashambani, na kikaita. Sauti ile, mtu wa ng'ambo ya mto angeisikia.

"Isay! Isay, mwanangu! Fungua, njoo nyumbani!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Ilikwenda ikitangulia juu ya tuta, kuelekea dukani, inaita, inaita, na alijua kila herufi imekaa sawa, hata ile hasira yenye mapenzi ndani yake. Alitaka kupiga kelele kumwonya mtoto. Lakini mtoto angejuaje ipi ni ya mama? Ikambidi afanye jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya maishani.

Akanyamaza.

Alibana mdomo wa bibi, akabana na wake, akamwachia Isay akili yake mwenyewe. "Usiitike," aliomba moyoni. "Usiitike, usiitike, usiitike."

Mbali, Tonyo aliacha kuimba. Ile sauti iliita tena. Na tena. Kisha ikawa inaomba. Kisha ikalia. Kisha ikatukana matusi ambayo Meding hakuyajua.

Hapakuwa na jibu.

Na sasa ilikuwa inarudi. Kwa kasi. Mpunga ulisikika ukilala chini njia nzima.

"Sasa, bibi," Meding alisema kwa meno yaliyobanana. "Sasa. Niko hapa. Nenda, wala usimwachie mtu."

Bibi Ibyang akafumbua macho. Akamtazama. Meding alijiona tena ndani yake, na safari hii, angeapa, alikuwa wima.

Kibatari kikazimika.

Kilichofuata alikijua kwa ngozi tu. Mwili wa bibi ulikakamaa kama ubao. Kitu kilipiga kwenye midomo ya marehemu kutoka ndani, tok, tok, tok, chini ya kiganja chake. Upepo wa manyoya mabichi ukamfunika uso. Kitu chenye joto, kilicholowa, kikagusa kidevu chake. Kikatafuta. Kikapata midomo yake. Kikamdonoa.

Maumivu kama ya kisu. Damu ikamjaa.

Hakufungua mdomo.

Au labda alifungua kidogo, kupata pumzi. Baadaye aliyapitia mara nyingi akilini, na mara zote alifika hapo akakwama. Alimeza. Alikumbuka kwamba alimeza. Ilikuwa damu yake. Mtu hawezi kukaa na damu mdomoni asimeze.

Kisha vyura wakaanza kulia tena.

Walimkuta amekaa gizani, kidevu cha bibi kimefungwa kwa utepe wa aproni yake. Walikuja na mienge na kurunzi, Tonyo mbele akiwa na panga, Puring nyuma akiwa amemkumbatia Isay. Kitambaa bado kilikuwa mdomoni mwa mtoto. Alikuwa amekiuma hata kikalowa. Hapakuwa na aliyepanda ngazi.

"Amekufa?" Tonyo alinong'ona.

"Amekufa."

"Na kile... kile kingine?"

Meding alifungua mdomo kujibu, na mwanga wa kurunzi ukaangukia uso wake. Mdomo wa chini ulikuwa na jeraha dogo la pembe tatu. Damu ilikuwa imeteremka hadi shingoni.

Wote wakarudi nyuma hatua moja.

Bibi Ibyang alizikwa na kidevu chake kimefungwa. Kwenye kesha watu walikuja, maana kesha halisusiwi, wakacheza karata, wakala biskuti, wakanywa kahawa, lakini walimkalia mbali Meding. Sikukuu ya mtakatifu ikapita. Siku ya soko alipanga samaki wake kama kawaida, wabichi, macho yao bado yanang'aa. Wanawake walipita. Wakanunua kwa jirani yake samaki waliolala. Aliwaita kwa majina. Wakatazama chini, wakaharakisha.

Kapteni Usting, mwenyekiti wa mtaa, alimjia nyumbani kofia mkononi. "Si mimi ninayesema, Mama Isay. Ni watu. Lakini ungekwenda kwa dada yako kidogo, mpaka watu wasahau..."

"Hawa hawajasahau cha mtu tangu zama za Wahispania, watasahau hili? Mwenyekiti, nimezaliwa hapa, nimezika wazazi na mume hapa. Nikimbie mji wangu kwa sababu ya kuku?"

"Meding! Usilitaje!"

"Kuku! Kuku! Kuku!" Kapteni alisahau hata kuaga.

Meding alijipima. Alikula kitunguu saumu kibichi. Alilamba chumvi. Alikwenda kanisani, akapokea mkate mtakatifu, na ulimi wake haukuungua. Isay alikuwa akimtazama. Jioni moja, wakiosha vyombo, mtoto akamuuliza polepole, "Mama. Ulimeza?"

Angeweza kumdanganya. "Sijui," alisema.

Isay aliendelea kuosha sahani ile ile moja kwa muda mrefu. Kisha akamlalia mama yake begani, na hakuondoka.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na siku ambazo, jua likishazama, koo lilimwasha. Mwasho mwepesi, kama unyoya. Akikohoa unaondoka. Akinywa maji unaondoka. Alijiambia ni vumbi.

Mpaka alipopita Neneng.

Neneng alikuwa binti wa Puring, tumbo lake limefika mwezi wa saba. Alipita mbele ya meza ya samaki amejifunika mwavuli. Na Meding, aliyekuwa amezungukwa na beseni za vibua na damu ya jodari, akasikia harufu ya fenesi. Fenesi lililoiva, tamu, linalopasuka kwa utamu. Mate yakamjaa mdomoni. Akageuka kutafuta muuza mafenesi.

Hapakuwa na mafenesi. Haukuwa msimu wake.

Kila mwanamke wa Sibulao anajua harufu hiyo ni ya mtoto aliye tumboni, na kwamba huisikia mwenye kitu kile tu.

Meding alishika ukingo wa meza. Angeweza kunyamaza. Angeweza kwenda zake nyumbani akatafute kamba na nguzo, afunge mlango, anong'one mpaka afe. Alimwona Bibi Ibyang akifunga fundo lile peke yake, magharibi baada ya magharibi, na mji mzima nyuma ya madirisha yaliyofungwa.

Akapanda juu ya kigoda chake.

"Sikilizeni!" Soko likanyamaza. "Mnanong'ona kwamba ninacho. Acheni kunong'ona. Huenda ninacho kweli! Sijui. Nimesikia harufu ya fenesi sasa hivi, na sitaki. Mnanisikia? Sitaki! Ibyang alikaa nacho peke yake mpaka kikamla. Mimi sikai peke yangu. Anayeniogopa na aniogope uso kwa uso. Nauliza: nani atakuja kukaa nami magharibi?"

Watu wakainamia vikapu vyao. Neneng alikuwa amesimama, mwavuli umeanguka, mikono imekumbata tumbo. Meding alishuka. Akapanga samaki wake. Machozi yalidondokea magamba, naye akaendelea kupanga.

Jioni, kengele ilipolia, mtu akapiga hodi. Kwa nguvu. Kama anayedai haki yake.

Alikuwa Puring. Alikuwa na kifuko cha siki mkono mmoja, na mkono wa pili kigoda chake cha dukani. Uso wake ulikuwa kama majivu.

"Neneng nimempeleka kwa wakwe zake mpaka ajifungue," alisema. "Mimi nimekuja. Naogopa mpaka mkojo unataka kunitoka. Sogea nikae."

Wakakaa mlangoni. Isay akawaletea samaki wa siki na wali. Wakala. Wakamsengenya Kapteni Usting na kofia yake. Giza likaingia polepole, na kwenye kibanda cha Tonyo mashine ikaanza tena kulalamikia mapenzi.

Katikati ya tonge, Meding akaacha kutafuna.

Puring aliona. Kijiko chake kikaanza kugonga sahani. "Imekuwaje?"

"Kinakwaruza."

"Kuliko jana?"

"Kuliko jana."

Puring alitazama njia ya kurudi dukani. Aliitazama kwa muda. Kisha akasogeza kigoda chake karibu zaidi, bega likagusa bega. "Basi kiambie," alisema, wala hakunong'ona.

Meding akaweka sahani chini. Akanyoosha shingo.

"Wewe!" alisema kwa sauti yake ya sokoni, hata Tonyo akapoteza wimbo. "Kama umo humo, sikiliza vizuri. Mwenye nyumba hii ni mimi. Hukualikwa. Chakula utakula ninachokula mimi, siki na vitunguu saumu, asubuhi na jioni. Ukitaka kutoka, huyu mwanangu amekwisha kusema hapana, na huyu jirani yangu amesema hapana, na yeyote utakayemwendea nitakuwa nimekwisha kufika mlangoni kwake kumfundisha neno hilo. Mgeni siku mbili. Ya tatu nakupa jembe."

Walingoja, wote watatu, Puring na Isay wakimtazama shingoni.

Koo likatulia.

Kwa jioni ile.